Chumba Kisichoingiza Vumbi

Inspekta alikataa kiti kwa mara ya tatu.

"Keti basi, mwanangu," alisema shangazi, dada wa marehemu, mama mnene aliyevimba macho kwa kulia. "Hata hicho kiti sasa kimeanza kuona haya."

"Nikikaa nitasinzia, mama. Niache nizunguke."

Akazunguka. Usingizi hakuwa nao hata chembe. Kituoni walimwita Bi Kwanini, jina la mzaha ambalo mwenyewe alikwisha kulizoea kama koti la zamani, na asubuhi hiyo mkuu wake alimwambia aziweke kabatini hizo kwa nini zake. Kesi ilikuwa wazi, alisema mkuu. Dereva wa treni mstaafu amekunywa chai mkononi mwa mke aliyemwoa uzeeni, amekwenda kulala usingizi wa mchana, hakuamka. Mke yu mzima kama kigongo. Jua lisizame kabla mwanamke huyo hajafika kituoni.

Sajenti alisimama mlangoni akisubiri amri ambayo haikuja.

Sebule ilikuwa safi kupita kiasi. Madirisha yote yamefungwa, na kila kioo kimezungushiwa ukingoni utepe mpana wa rangi ya fedha, ule wanaoutumia mafundi wa mabomba. Mimea ya vyungu imejipanga ukutani kama wanafunzi mstarini. Kwenye kona mashine nyeupe ya kusafisha hewa inanguruma, taa yake ya kijani inawaka. Juu ya meza kuna chupa ya manukato yenye vijiti, na harufu yake ilikuwa nzito kiasi cha kuilamba.

"Haya yote ni kazi yako?" Inspekta alimuuliza mtoto wa marehemu.

Huyu alikuwa fundi miwani, mwembamba, mikono yake haitulii. Wakati huo alikuwa akifuta jani la mmea kwa kitambaa kilekile cha kufutia vioo.

"Ni yangu. Baba alikuwa na kifua kibovu. Amekula moshi wa injini maisha yake yote. Na barabara hii unaiona, vumbi na magari kutwa kucha. Nikasema, ubaya ubaki nje, baba abaki ndani."

"Hewa mpya iliingilia wapi?"

"Kiyoyozi kinaleta."

Inspekta akakitazama kiyoyozi. "Hicho kinaizungusha hii hii iliyomo na kuipoza. Ukikoroga maji kwenye ndoo hayaongezeki."

"Basi mashine inaisafisha. Na mimea ipo."

"Mashine inashika vumbi. Mimea inapendeza. Sina ugomvi na vyote viwili."

Fundi Miwani akatupa kitambaa mezani. "Afande, umekuja kunifundisha usafi? Hebu nusa. Kuna harufu yoyote mbaya humu? Kilichomuua baba kilikuwa kikombeni, na aliyekibeba kikombe yuko hapo jikoni anashona nguo kama vile hakijatokea kitu!"

"Polepole, baba," alisema shangazi. "Huyo unayemtaja ni wifi yangu." Akajibana paji la uso kwa vidole. "Kichwa kinanigonga tangu nimeamka. Acha nikajinyooshe kidogo chumbani kwa kaka."

"Umekuwa ukilala humo tangu msiba?" Inspekta aliuliza.

"Tangu polisi mlipotuachia. Siku zote nimelala kama gogo. Leo tu ndio kichwa na tumbo vimekula njama dhidi yangu. Kilio, mwanangu. Kilio hakimwachi mtu salama."

Walimsindikiza hadi chumbani. Kilikuwa chumba kidogo chenye kitanda, kabati la nguo na dirisha moja lililobandikwa utepe pande zote nne. Mama yule alipokuwa akipanda kitandani kwa kuguna, Inspekta aliegemea ukuta kando ya kabati, kisha akautoa mkono wake haraka na kuurudisha tena.

"Ukuta huu una joto."

"Jua la mchana," alijibu Fundi Miwani.

"Jua liko upande ule."

"Basi ni jua la jana! Mwache shangazi apumzike."

Akafunga mlango polepole kama anayemfungia mtoto mchanga, akakunja taulo na kulisokomeza chini ya mlango. Inspekta alipomtazama, alisema, "Vumbi la ukumbini."

Mjane alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa kwenye roshani nyembamba, nje ya mlango wa jikoni, mahali pekee katika nyumba ile ambapo utepe wa fedha haukufika. Hakuacha kushona Inspekta alipotokea. Alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno, ndipo akanyanyua uso.

"Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuuliza. Siku ile, baada ya kumpa mzee chai, ulikwenda wapi?"

"Hapa hapa. Nilikuwa na sare za watoto wa shule za kumalizia."

"Kwa nini hapa na si ndani, kwenye meza kubwa?"

"Kichwa."

"Kichwa kimefanyaje?"

"Ndani kinauma, nje kinapoa." Alisema kwa uchovu, kama mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi na hakuna aliyelipokea. "Nikienda sokoni nacheka na watu kama msichana. Nikirudi, sijavua hata viatu, kimeanza. Na mume wangu naye hivyo hivyo, ila yeye alikuwa hatoki. Kijana wake alisema hewa ya nje ndiyo inapenya, akatuongezea utepe."

"Ilianza lini?"

"Wiki chache kabla ya msiba."

"Ukamwambia nani?"

Mjane akaelekeza kidevu chake sebuleni. "Alisema ninatafuta visingizio vya kumkimbia baba yake. Kwamba nimeolewa na nyumba, sikuolewa na mzee."

"Na baada ya msiba, kichwa kikaendelea?"

Swali hilo lilimsimamisha. Aliitazama sindano ya cherehani kana kwamba jibu limetungwa pale. "Hapana. Ajabu. Nimelia usiku na mchana, nilistahili kuumwa, lakini hakikuuma. Mpaka leo. Leo asubuhi nilikuwa naosha vyombo, nikakisikia kinarudi."

"Leo," alirudia Inspekta.

"Leo."

Simu ikamtetemeka mfukoni. Alikuwa daktari wa maiti, mzee mwenye sauti ya kukwaruza ambaye hakuwahi kuanza na salamu.

"Chai ilikuwa chai," alisema. "Maziwa, tangawizi, na sukari nyingi kuliko inavyomfaa mzee yule. Sumu hakuna."

"Kimemuua nini basi?"

"Midomo na kucha vilikuwa vyekundu mno. Maiti haitakiwi kupendeza hivyo, nikaipima damu. Imejaa kaboni monoksidi. Ni gesi ya moto unaowaka huku umekosa pumzi. Haina rangi, haina harufu, haimkohozi mtu. Inamuuma kichwa, inamtapisha, kisha inamlaza."

"Jiko lao ni la umeme, daktari. Hawana makaa, hawana jenereta, hawana hata mshumaa."

"Mimi nakwambia kilichomo kwenye damu. Moto kautafute mwenyewe."

Inspekta alirudisha simu mfukoni, akapita jikoni hadi mlango wa mbele, akarudi, akaenda tena. Sajenti alimfuata kwa macho kama anayetazama mpira wa meza.

"Afande, mkuu amepiga tena. Anauliza kama tumeshamchukua."

"Jioni ile tulipokuja kuchukua mwili, tulikaa humu muda mrefu, sivyo?"

"Mrefu sana. Na madirisha yamefungwa vilevile."

"Uliumwa kichwa?"

"Hapana."

"Mimi pia hapana. Shangazi amelala chumba hichohicho tangu msiba, haumwi. Mjane haumwi. Leo wote wawili wanaumwa. Kwa nini leo, Sajenti? Leo kuna nini ambacho jana hakikuwepo?"

Ndipo Inspekta akaisikia sauti ambayo alikuwa akiisikia tangu alipofika, bila kuipa nafasi: *fshiii*, kimya, *fshiii*. Mvuke. Ulitoka ghorofa ya chini, kwenye duka la dobi. Jioni ile ya kifo chini kulikuwa kimya, na mlango wa duka umeshushwa.

Alishuka ngazi mbili mbili.

Duka la dobi lilikuwa wazi mbele na nyuma, feni kubwa likipuliza kuelekea mtaani. Shuka zilirundikana hadi karibu na dari. Dobi mwenyewe, mtu mrefu aliyevaa fulana iliyolowa jasho, aliinua pasi yake ya mvuke kumsalimu.

"Karibu afande! Leo umetuletea doa gani?"

"Ulifunga duka lini?"

"Siku ileile mzee alipofariki. Nilipata habari, nikazima kila kitu. Alikuwa mteja wangu na rafiki yangu, nisingeweza kupiga pasi huku juu yangu watu wanalia. Leo ndio nimefungua, maana wateja nao wameanza kutembea uchi."

"Maji unachemshia wapi?"

Alimwonyesha tanuri nyuma ya duka, pipa la chuma lililonguruma lenye kidirisha cha kioo. Inspekta akainama. Moto ndani yake ulikuwa wa njano, mvivu, unalambalamba kingo.

"Ndivyo unavyowaka siku zote?"

"Ulikuwa wa bluu, unasimama wima kama askari. Sasa umekuwa hivyo, na unakohoa. Fundi nimemwita, anasema kesho. Kesho ya fundi unaijua."

"Na moshi wake?"

"Unapanda na bomba hili, unaingia ukutani, unatokea paani."

"Ukuta upi?"

Dobi alielekeza kidole juu. "Huu unaopita kwa marehemu. Pale chumbani kwake, nyuma ya kabati." Tabasamu lake likaanza kupungua lenyewe. "Kwani vipi?"

"Zima."

"Afande, shuka za watu..."

"Zima sasa hivi! Toa watu wako wote nje!"

Aliposema neno la mwisho alikuwa tayari kwenye ngazi. Alimpita Sajenti, akampita Fundi Miwani aliyekuwa akisema "Kuna nini tena?", akausukuma mlango wa chumba. Taulo liliukaba. Akausukuma kwa bega.

Shangazi alikuwa amelala chali, mdomo wazi, ametulia. Kucha za mkono uliolegea kandoni mwa kitanda zilikuwa na wekundu wa kupendeza.

"Mama! Mama, amka!"

Hakuamka.

"Amelala tu," alisema Fundi Miwani mlangoni. "Mwache, amechoka, msimsum..."

"Shika mabega!"

Hakushika. Alisimama kama nguzo. Aliyepita chini ya mkono wake alikuwa mjane, na utepe wa kupimia nguo ukimning'inia shingoni. Alikamata miguu ya wifi yake bila kuuliza neno, Inspekta akakamata kwapa, na wakamburuta mama yule mzito kupitia sebuleni, wakaangusha chungu kimoja, wakaingia jikoni na kutoka naye roshani. Nyuma yao Sajenti alikuwa akivunja vioo kwa kiti kilekile ambacho Inspekta alikikataa, huku akiita gari la wagonjwa kwa simu aliyoibana kwa bega.

Walimlaza ubavu. Mjane alimpepea kwa sare ya mtoto isiyo na mikono bado. Muda ule ulikuwa mrefu. Kisha shangazi akakohoa, akatapika, akakohoa tena, akafumbua jicho moja.

"Nani... nani ananivuta kama gunia la mkaa?"

"Ni mimi, wifi," alisema mjane, na hapo ndipo alipokaa chini sakafuni.

Gari la wagonjwa lilipomchukua shangazi, barakoa ya hewa ikiwa puani, Inspekta aliwakusanya waliobaki sebuleni. Upepo uliingia kupitia vioo vilivyovunjika na kuyatikisa majani. Mashine kwenye kona bado ilikuwa na taa ya kijani.

"Mzee hakuuawa na chai," alisema. "Ameuawa na gesi ya tanuri la dobi. Moshi ulitakiwa kupanda kwa bomba na kutokea paani, lakini kuna kitu kimeuzuia, ukarudi. Tanuri likakosa pumzi, na gesi ikatafuta pengine pa kutokea. Nyuma ya kabati lile ukuta una nyufa. Nimezitazama."

Mjane alifunika uso. Dobi, aliyekuwa amepanda na fulana yake mbichi, alikuwa akitikisa kichwa, hapana, hapana.

Fundi Miwani akageuka akatoka mbio, miguu mitupu kama alivyozoea humo ndani, na hatua zake zikasikika ngazini. Hazikuwa zikishuka. Zilikuwa zikipanda.

"Afande!" Sajenti alishtuka. "Anatoroka!"

"Anayetoroka hapandi paani," alisema Inspekta, akamfuata.

Walimkuta amepiga magoti kando ya dohani ya matofali, akivutana na kipande cha bati kilichofunika mdomo wa bomba la moshi. Bati lilikuwa limezungushiwa utepe wa rangi ya fedha, mizunguko mingi, kwa mkono wa mtu mwangalifu. Lilikuwa bado na joto. Vidole vyake vilikuwa vinatoka damu, naye hakuonekana kujua.

"Acha," alisema Inspekta. "Hicho ni kielelezo. Sajenti atapiga picha kwanza."

Aliendelea kuvuta. Sajenti alimshika mikono, bila ukali, hadi akaacha.

"Mimi sikusema bomba limezibwa na nini, wala wapi," alisema Inspekta. "Wewe umekuja moja kwa moja."

"Moshi ulikuwa unashuka." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jioni upepo ukigeuka, ulikuwa unashuka mpaka dirishani kwa baba. Nilimwomba dobi arefushe bomba. Akasema kesho. Kila siku kesho. Nikapanda nikaziba mwenyewe."

"Ulidhani moshi utakwenda wapi?"

"Urudi kwake. Umkere yeye, aone. Sikudhani unapita ukutani. Ukuta ni ukuta!"

"Wa matofali ya zamani."

"Lakini hakukuwa na harufu!" Akamgeukia Inspekta kama anayemshitaki. "Ingekuwa gesi ingenuka. Baba angesikia, mimi ningesikia, nilikuwa nakuja kila siku. Na mashine ilikuwa kijani. Nilikuwa naitazama, kila nikifika naitazama kwanza kabla hata ya kumwamkia baba, na ilikuwa kijani!"

"Ile inatafuta vumbi. Vumbi halikuwepo."

Chini mtaani gari lilipiga honi, na jingine likajibu. Fundi Miwani alikaa juu ya sakafu ya paa, akaegemea dohani, akavua miwani yake na kuanza kuifuta kwa ncha ya shati. Damu ya vidole ikazidi kuvichafua vioo.

"Asubuhi ile aliniambia kichwa kinamuuma," alisema. "Nikambandikia utepe wa pili dirishani. Nikamwambia alale, atapata nafuu."

Inspekta alikuwa na swali moja tu lililobaki, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuliuliza.

Alisogea pembeni, akampigia mkuu wake.

"Umemchukua?" mkuu aliuliza.

"Mjane haji, mkuu. Hana kosa."

"Nani anakuja basi?"

"Mtoto wa marehemu. Kwa uzembe uliosababisha kifo, tutakavyoona. Na dobi atakuja kueleza kwa nini alichochea tanuri linalokohoa wiki zote hizo. Naomba pia mtu wa kufunga jengo hili hadi ukuta ukaguliwe."

"Una hakika?"

"Daktari ana damu. Mimi nina bati."

Sajenti alipomaliza picha na kulifunga bati ndani ya mfuko, walishuka. Hawakumtia Fundi Miwani pingu. Alikuwa akishuka kwa kushika ukuta, kipofu bila miwani yake, na chini yao, ngazi iliyopita kando ya madirisha ya sebule ilikuwa imejaa vipande vya vioo.

Mjane alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa nguo za shangazi, tayari kwenda hospitali. Alikuwa amekwisha kusikia yote. Dobi alikuwa amemwambia, au alijua mwenyewe kwa kuwaangalia. Wanaume wote wawili walisimama. Inspekta akasogea nusu hatua mbele, maana hakujua mwanamke yule angefanya nini, na mpini wa mkasi wa kushonea ulichungulia mfukoni mwa gauni lake.

Mjane aliweka mfuko chini, akaingia ndani, akatoka na jozi ya viatu vyeusi vya kijana yule. Akaviweka mbele ya miguu yake, vikielekea ngazini.

"Mimi..." alianza Fundi Miwani. "Mama, mimi nili..."

"Sijakusamehe," alisema mjane. "Vaa viatu. Kuna vioo."

Akachukua mfuko wake, akawapita, akashuka.